Dawa za zamani kwa maradhi mapya ya mapafu: zipi zilisaidia, zipi hazikusaidia, na kwa nini

Juni 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza walitoa majibu mawili katika muda wa siku kumi na moja. Tarehe 5 walisema haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini iliyozoeleka kwa malaria, haiwasaidii wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa hospitalini. Tarehe 16 wakasema deksamethasoni, steroidi ya bei nafuu iliyokuwapo tangu miaka ya 1950, inaokoa maisha ya wagonjwa waliozidiwa.

Dawa zote mbili zilikuwa za zamani, za bei nafuu na zinazojulikana na madaktari duniani kote. Zote zilijaribiwa na watafiti walewale, katika hospitali za nchi ileile, kwa utaratibu uleule. Moja ilikuwa imesifiwa na wakubwa na kugombaniwa madukani. Nyingine haikuwa na wa kuipigia debe, na baadhi ya madaktari walihofia kwamba ingewadhuru wagonjwa. Iliyofanya kazi ni hii ya pili.

Kwa nini moja ilifaulu na nyingine ikashindwa? Swali hilo halijapitwa na wakati. Virusi vinavyoshambulia njia ya hewa, kuanzia influenza hadi corona, vitaendelea kuja, na kila vinapokuja watu hukimbilia kwanza kabati la dawa zilizopo. Makala haya yanaeleza jinsi dawa ya zamani inavyopewa kazi mpya, namna ya kujua kama inaiweza kazi hiyo, na hatari ya kuimeza kabla jibu halijapatikana.

Kwa nini kuanzia na dawa iliyopo?

Dawa mpya kutoka maabara hadi duka la dawa mara nyingi huchukua zaidi ya miaka kumi. Ugonjwa wa mlipuko hausubiri muda huo. Dawa ya zamani imeshapita sehemu kubwa ya safari: dozi yake inajulikana, madhara yake yameandikwa, viwanda vya kuitengeneza vipo, na mara nyingi hataza yake imekwisha muda, hivyo kampuni yoyote yenye uwezo inaweza kuitengeneza kwa bei ya chini. Wahenga walisema akiba haiozi, na kabati la dawa za zamani ni akiba ya namna hiyo.

Mifano ni mingi. Aspirini ilianza kama dawa ya maumivu na homa, leo inatumika pia kuzuia damu kuganda kwa wagonjwa wa moyo. Sildenafili ilikuwa ikichunguzwa kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, ikaishia kuwa dawa ya nguvu za kiume inayojulikana kwa jina la Viagra.

Wakati mwingine safari huenda upande wa pili. Amantadini iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1966 kwa ajili ya kuzuia influenza ya aina A. Mwaka 1968, mwanamke mmoja mwenye ugonjwa wa Parkinson aliitumia ili kujikinga na mafua hayo, akaona kutetemeka na kukakamaa kwa mwili kumepungua. Alipoiacha, hali ikarudi. Madaktari wake mjini Boston walilifuatilia jambo hilo, na amantadini ikapata kazi mpya katika ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Kazi yake ya kwanza nayo ilikwisha: virusi vya influenza viliizoea, na mwaka 2006 mamlaka za afya za Marekani zilishauri isitumike tena kwa ugonjwa huo.

Hadithi ya amantadini ina mafunzo mawili. Kwanza, dawa moja inaweza kuwa na kazi zaidi ya moja. Pili, kazi iliyothibitishwa jana inaweza kufutwa leo, kwa sababu virusi hubadilika.

Ugonjwa mmoja, hatua mbili

Ili kuelewa kwa nini dawa fulani husaidia na nyingine haisaidii, ni lazima kuuangalia ugonjwa wenyewe. Maambukizi makali ya virusi katika mapafu mara nyingi hupita hatua mbili.

Katika siku za mwanzo virusi huzaliana. Vinaingia ndani ya seli, vinatumia vifaa vya seli hiyo kujinakili, kisha vinatoka kushambulia nyingine. Kwa watu wengi, kinga ya mwili huvishinda katika siku chache, na mgonjwa anapona hata kama hakumeza chochote zaidi ya maji na parasetamoli.

Kwa wachache, hatua ya pili hufuata, na katika UVIKO-19 mara nyingi huanza baada ya wiki moja hivi. Virusi vinaweza kuwa vimepungua, lakini kinga ya mwili imechacharika na haijui kuacha. Ni kama majirani waliotoka usiku kumfukuza mwizi, wakaishia kuvunja milango na kuta za nyumba waliyokuja kuilinda. Mapafu huvimba na kujaa majimaji, na oksijeni inashindwa kuingia katika damu.

Hivyo dawa ya zamani inaweza kusaidia kwa njia mbili kuu: kuvizuia virusi visiingie wala kuzaliana, au kuituliza kinga iliyopita kiasi. Dawa za njia ya kwanza zinafaa mapema. Dawa za njia ya pili zinafaa baadaye, na zikitolewa mapema zinaweza kumnyang'anya mgonjwa silaha anayoihitaji. Ndiyo maana swali "dawa hii inatibu?" halitoshi. Ni lazima liulizwe pamoja na "kwa mgonjwa gani, na siku ya ngapi?"

Klorokwini: maabara si mapafu

Wasomaji wa makamo katika Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa klorokwini ni nini. Ni vile vidonge vichungu vya malaria vilivyomfanya mtu ajikune usiku kucha. Vimelea vya malaria vilipoizoea, Kenya iliacha kuitegemea kama dawa ya kwanza ya ugonjwa huo mwaka 1998, na Tanzania mwaka 2001. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, inatumiwa hadi leo na wagonjwa wa lupasi na wa baridi yabisi.

Mapema mwaka 2020, majaribio ya maabara yalionyesha kwamba dawa hizi zinavizuia virusi vipya vya corona kuingia katika seli. Habari zikaenea kwa kasi. Machi 2020 Rais Donald Trump wa Marekani aliisifu haidroksiklorokwini hadharani, na tarehe 28 mwezi huo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, iliruhusu itumike hospitalini kwa dharura. Mjini Lagos, Nigeria, maofisa wa afya waliripoti watu waliolewa sumu ya klorokwini baada ya kuimeza wenyewe. Tofauti kati ya dozi inayotibu na dozi inayovuruga mapigo ya moyo katika dawa hii ni ndogo. Wakati huohuo, wagonjwa wa lupasi katika nchi kadhaa walihangaika kuipata dawa waliyokuwa wakiitegemea kila siku.

Tatizo lilikuwa katika aina ya seli. Majaribio ya kwanza yalitumia seli za figo za tumbili, ambazo ni rahisi kukuza maabara. Katika seli hizo, virusi vya corona humezwa kwanza ndani ya kifuko chenye tindikali, kisha ndipo vinapenya. Klorokwini hupunguza tindikali hiyo, na mlango unafungwa. Lakini seli za mapafu ya binadamu zina kimeng'enya juu ya ngozi yake kinachovifungulia virusi mlango wa mbele, bila kuhitaji kifuko hicho. Watafiti nchini Ujerumani waliporudia jaribio kwa kutumia seli za mapafu mwaka huohuo, klorokwini haikuvizuia virusi.

Kwa wagonjwa halisi jibu lilikuwa hilohilo. Katika jaribio la Oxford, wagonjwa 1,561 walipewa haidroksiklorokwini na 3,155 wakapewa huduma ya kawaida tu. Baada ya siku 28, katika kila wagonjwa 100 waliopewa dawa, 27 walikuwa wamefariki. Katika kila 100 ambao hawakupewa, 25 walikuwa wamefariki. Tarehe 15 Juni 2020, FDA iliondoa kibali chake cha dharura.

Kwa nini kupiga kura?

Jaribio hilo la Oxford linaitwa RECOVERY. Lilianza kupokea wagonjwa Machi 2020, na ndani ya miezi mitatu lilikuwa limewaandikisha zaidi ya 11,500 katika hospitali zaidi ya 170 za Uingereza. Nguvu yake ilitoka katika jambo rahisi: mgonjwa akikubali kushiriki, kompyuta humpangia kundi kwa bahati nasibu, kama kura. Wengine hupata dawa inayojaribiwa pamoja na huduma ya kawaida, wengine huduma ya kawaida peke yake. Daktari hachagui nani apate.

Kura ina umuhimu gani? Fikiria mtaa ambao watu 100 wameugua mafua makali na wote wamekunywa dawa fulani. Baada ya wiki mbili, 95 wamepona. Dawa hiyo itasifiwa mtaa mzima. Lakini kama watu 95 wangepona hata bila dawa, sifa hizo si haki yake. Na kama waliokunywa walikuwa vijana wenye uwezo wa kwenda dukani, huku wazee waliozidiwa wakibaki kitandani, ulinganifu unapotoka zaidi. Kura huyachanganya makundi: wazee kwa vijana, wenye kisukari na wasio nacho, hugawanyika karibu sawasawa, na tofauti inayobaki ni dawa.

Bila kura, makosa hutokea pande zote. Mei 2020, jarida la tiba la The Lancet lilichapisha makala iliyodai kuchambua kumbukumbu za wagonjwa 96,000 wa mabara mbalimbali, ikisema haidroksiklorokwini inaongeza vifo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Wiki mbili baadaye makala hiyo iliondolewa, kwa sababu chanzo cha takwimu zake hakikuweza kuthibitishwa. Walioisifu dawa bila ushahidi walikosea, na walioilaani kwa ushahidi mbovu walikosea pia.

Deksamethasoni: ushindi wenye masharti

Deksamethasoni ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977, na hutumika kwa pumu, mzio mkali na maradhi mengine ambayo kinga ya mwili imepita kiasi. Katika RECOVERY, wagonjwa 2,104 walipewa miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, wakalinganishwa na 4,321 ambao hawakupewa.

Matokeo yalitegemea hali ya mgonjwa. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka 41 katika kila wagonjwa 100 hadi 29. Kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine hiyo, vilishuka kutoka 26 hadi 23. Lakini kwa ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa, dawa haikuleta faida: vifo vilikuwa 18 katika kila 100 waliopewa, dhidi ya 14 kwa ambao hawakupewa. Tofauti hii ya mwisho haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha madhara, lakini ilitosha kuwaonya madaktari.

Maelezo yake yako katika zile hatua mbili. Mgonjwa anayehitaji oksijeni amekwisha kufika hatua ambayo kinga yake inaharibu mapafu, na steroidi inaituliza. Ambaye hajafika huko bado anaihitaji kinga hiyo ipambane na virusi.

Onyo hilo halikusikika kila mahali. Katika wimbi kubwa la UVIKO-19 nchini India mwaka 2021, maelfu ya watu walipata maambukizi ya ukungu ujulikanao kama ukungu mweusi, unaoshambulia pua, macho na ubongo. Madaktari waliuhusisha na kisukari pamoja na matumizi ya steroidi kupita kiasi. Dawa ileile iliyookoa wagonjwa wodini iliwaweka wengine hatarini ilipotumika bila mpango.

Baada ya deksamethasoni, dawa mbili za baridi yabisi zilifuata njia hiyohiyo ya kuituliza kinga: tosilizumabu na barisitinibu. Kwa tosilizumabu, vifo katika RECOVERY vilishuka kutoka 35 hadi 31 katika kila wagonjwa 100. WHO inazipendekeza zote mbili kwa wagonjwa mahututi wa UVIKO-19. Tofauti na deksamethasoni, tosilizumabu ni ghali, na kwa hospitali nyingi za Afrika pendekezo hilo limebaki karatasini.

Walioshindwa wakapata kazi nyingine

Kushindwa kwa dawa katika jaribio moja si lazima kuwe mwisho wake. Dawa mbili zinaonyesha hivyo.

Ya kwanza ni remdesiviri. Wakazi wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waliijua kabla dunia haijalisikia jina lake. Wakati wa mlipuko wa Ebola ulioanza mwaka 2018, ilikuwa mojawapo ya dawa nne zilizojaribiwa kwa kura katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katika utafiti ambao Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa mmoja wa viongozi wake. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa mapema kwa kuwa dawa nyingine mbili, zilizotengenezwa kwa kingamwili, zilionekana bora waziwazi. Katika kundi la remdesiviri, zaidi ya nusu ya wagonjwa walifariki.

Miezi michache baadaye corona ilizuka, na remdesiviri ikatolewa tena kabatini, safari hii ikiwa na kumbukumbu za usalama zilizopatikana kwa wagonjwa wa Kongo. Kwa waliolazwa wakiwa wamezidiwa, haikuwa na nguvu kubwa ya kuzuia vifo. Lakini ilipotolewa katika siku za mwanzo, kwa sindano za siku tatu, kwa wagonjwa wasiolazwa ambao walikuwa katika hatari ya kuzidiwa, ilipunguza uwezekano wa kulazwa au kufa kwa asilimia 87. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni siku ya kuitoa.

Ya pili ni ritonaviri. Watu wengi wanaoishi na VVU katika ukanda wetu wanaijua ikiwa pamoja na lopinaviri, kama sehemu ya dawa za kufubaza virusi. Mwaka 2020 mchanganyiko huo ulijaribiwa kwa UVIKO-19 na haukusaidia: katika RECOVERY vifo vilikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili. Lopinaviri ilitengenezwa kuziba kimeng'enya cha VVU, na kile cha virusi vya corona kina umbo tofauti.

Hata hivyo ritonaviri ilikuwa na kipaji kingine. Inapunguza kasi ya ini kuvunjavunja dawa nyingine, hivyo dawa hizo hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Watafiti walipotengeneza nirmatrelviri, inayolingana na kimeng'enya cha corona, waliona inaondoka mwilini haraka mno. Wakaiunganisha na ritonaviri, na mchanganyiko huo ukawa Paxlovid, ulioruhusiwa Marekani Desemba 2021. Kwa watu walio katika hatari ambao hawakuwa wamechanjwa, ulipunguza kulazwa na vifo kwa karibu asilimia 89 ulipoanza kutumika ndani ya siku tatu za dalili. Kipaji hicho kina gharama yake: ritonaviri huongeza pia nguvu ya dawa nyingine ambazo mgonjwa anatumia, na ndiyo maana haifai kumezwa bila mtaalamu kuangalia orodha ya dawa zote za mgonjwa.

Ivermektini na dozi isiyowezekana

Hakuna anayebishana kuhusu thamani ya ivermektini katika kazi yake ya kwanza. Chanzo chake ni bakteria waliopatikana katika udongo wa Japani. Imewakinga mamilioni ya Waafrika na upofu wa usubi, na waliohusika na ugunduzi wake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wafugaji nao wanaijua kwa ng'ombe na mbuzi.

Aprili 2020 watafiti wa Melbourne, Australia, waliripoti kwamba iliviua virusi vya corona katika chombo cha maabara. Lakini kiwango walichotumia kilikuwa kikubwa mara nyingi kuliko kile kinachofikiwa katika damu ya mtu aliyemeza dozi ya kawaida. Tafiti ndogo zikafuata, nyingine zikiwa na matokeo ya kushangaza. Mojawapo, iliyotoka Misri na kunukuliwa sana, iliondolewa mtandaoni Julai 2021 baada ya kasoro kubwa kugunduliwa katika takwimu zake.

Jaribio kubwa la kura nchini Brazil, lililochapishwa Machi 2022, liliwahusisha wagonjwa 1,358. Waliohitaji kulazwa au kuangaliwa kwa saa nyingi katika kitengo cha dharura walikuwa karibu 15 katika kila 100 waliopewa ivermektini, na 16 katika kila 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tofauti ndogo kama hiyo inaweza kutokea kwa bahati tu.

Kuna jambo moja linalowahusu watu wa nchi za joto. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba tafiti zilizoiona ivermektini ikipunguza vifo zilitoka zaidi katika maeneo yenye minyoo aina ya strongiloidi. Mgonjwa mwenye minyoo hiyo akipewa steroidi, minyoo inaweza kuzagaa mwilini na kumuua. Ivermektini huiua minyoo, na huenda faida iliyoonekana ilitoka huko, wala si kwa sababu ya corona. Kwa hiyo daktari katika maeneo hayo anaweza kuwa na sababu nzuri ya kumpa mgonjwa ivermektini kabla ya steroidi, lakini si kama tiba ya virusi.

Kuzuia ni kugumu kuliko kutibu

Ndoto kubwa zaidi ni kidonge cha zamani kinachomezwa na mtu mzima wa afya ili asiambukizwe. Hapa kipimo ni kigumu zaidi. Mgonjwa mahututi anaweza kuvumilia madhara kiasi ili aokoke. Mtu mwenye afya anayepewa dawa kwa miezi kadhaa hana sababu ya kuvumilia madhara kama faida haijathibitishwa.

Klorokwini ilikwisha kujaribiwa kwa kazi hiyo kabla ya corona. Nchini Singapore, watu wapatao 1,500 walishiriki katika jaribio la kuzuia influenza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha haikuzuia. Mwaka 2020, watafiti wa Minnesota, Marekani, waliwapa haidroksiklorokwini au kidonge kisicho na dawa watu 821 waliokuwa karibu na mgonjwa wa corona. Waliougua walikuwa karibu 12 katika kila 100 kwa kundi la kwanza na 14 kwa la pili, tofauti isiyotosha kuthibitisha lolote. Machi 2021, baada ya kuunganisha majaribio sita yenye watu zaidi ya 6,000, WHO ilishauri kwa uzito dawa hiyo isitumike kwa kinga.

Chanjo ya kifua kikuu, BCG, ambayo wengi wetu tuna kovu lake mkononi, ilijaribiwa pia kwa sababu ilidhaniwa inaiamsha kinga kwa ujumla. Jaribio la kimataifa kwa wahudumu wa afya, lililochapishwa mwaka 2023, halikuona kwamba iliwakinga na UVIKO-19. Hadi sasa, kwa maambukizi ya corona na influenza, kinga iliyothibitishwa ni chanjo zilizotengenezwa mahususi, pamoja na hewa safi, barakoa na kunawa mikono.

Nani analipia swali?

Dawa ya zamani ina adui asiyeonekana: hakuna wa kuilipia. Kampuni yenye hataza mpya hutumia fedha nyingi kuijaribu dawa yake kwa sababu itapata faida. Deksamethasoni inatengenezwa na yeyote, kwa hiyo hakuna kampuni yenye sababu ya kugharamia jaribio la maelfu ya watu. RECOVERY iliwezekana kwa fedha za umma na mtandao wa hospitali za serikali uliokuwa tayari.

Afrika ilijaribu kujibu swali lake yenyewe. Novemba 2020 lilizinduliwa jaribio la ANTICOV katika nchi 13 za bara hili, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo, likiratibiwa na shirika la DNDi. Lilihusu wagonjwa wenye dalili nyepesi na za wastani, kwa kutumia dawa zilizopo, ili wasifike mahututi. Hoja yake ilikuwa ya wazi: mahali penye vitanda vichache vya wagonjwa mahututi, dawa inayozuia mtu kulazwa ina thamani zaidi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kutoka hospitali 64 za nchi 10 za Afrika ulionyesha uzito wa hoja hiyo. Karibu nusu ya wagonjwa wa UVIKO-19 waliofikishwa katika uangalizi wa mahututi walifariki ndani ya siku 30. Na hata deksamethasoni, dawa ya bei nafuu kuliko zote zilizofaulu, inawafaa wagonjwa wanaohitaji oksijeni. Zahanati isiyo na kipima oksijeni cha kidoleni haiwezi kujua ni nani huyo, na hospitali isiyo na mtungi wa oksijeni ina dawa nusu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kumeza

Utafutaji unaendelea. Mtandao wa RECOVERY uliongeza wagonjwa wa influenza waliolazwa, ili kujua pamoja na mengine kama deksamethasoni inawasaidia au inawadhuru, maana tafiti za nyuma bila kura ziliihusisha steroidi na vifo zaidi katika influenza. Metformini, dawa ya kawaida ya kisukari, ilionyesha dalili njema katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2023: baada ya miezi kumi, waliopata dalili sugu za corona walikuwa 6 katika kila 100 waliopewa, dhidi ya 10 kwa wengine. Matokeo hayo yanahitaji kurudiwa na watafiti wengine kabla ya kuwa ushauri kwa wote.

Mlipuko mwingine ukija, utasikia tena jina la dawa unayoijua. Huenda ikawa kweli. Muulize mfamasia au daktari wako maswali haya manne. Je, imejaribiwa kwa watu, au ni katika chombo cha maabara tu? Je, ililinganishwa kwa kura na kundi ambalo halikupewa? Ilimsaidia mgonjwa wa aina gani, na siku ya ngapi ya ugonjwa? Na inagongana vipi na dawa ninazotumia sasa?

Kama hakuna jibu la maswali hayo, kinachofanya kazi kinajulikana: chanjo kwa wanaostahili, kupumzika na maji ya kutosha, na kuwahi hospitali mara mgonjwa anapopumua kwa shida, midomo yake inapogeuka rangi, au anapochanganyikiwa. Deksamethasoni iliyookoa maisha mwaka 2020 haikuchukuliwa dukani kwa uvumi wa jirani. Ilitolewa wodini, kwa mgonjwa aliyepimwa oksijeni yake.